Asiyempenda Mbwa

Uingereza na Marekani wapo watu wengi wanaoamini kwamba mtu asiyependa mbwa hafai kuaminiwa. Neno hilo husemwa nusu kwa mzaha, lakini mzaha wenyewe una kazi. Kwa huo hupimwa mchumba, mpangaji, jirani aliyehamia juzi, na hata mwanasiasa. Tarehe 23 Septemba 1952 Richard Nixon, akigombea umakamu wa rais huku akituhumiwa kuwa na mfuko wa fedha za wafadhili, alijitokeza kwenye televisheni kujitetea. Alitaja mali zake na madeni yake, lakini kilichobaki katika kumbukumbu za watu ni mbwa: Checkers, zawadi iliyotoka Texas, ambaye binti zake walimpenda na ambaye, alisema, hatarudishwa hata watu waseme nini. Barua na simu za kumuunga mkono zikamiminika, nafasi yake ikasalimika. Miaka 22 baadaye mtu huyohuyo alijiuzulu urais kwa kashfa ya Watergate. Checkers hakuwa shahidi mwongo. Alipewa swali ambalo mbwa hawezi kulijibu.

Mswahili anayeishi Leicester, Toronto au Minneapolis huujua mtihani huu kwa upande wake wa pili. Mlango wa lifti unafunguka, mbwa anamtangulia mwenyewe, ananusa upindo wa buibui la mama aliyesimama ndani, na mama anajibana ukutani. Mwenye mbwa anatabasamu na kusema kwamba mnyama hana neno, anataka kucheza tu. Mama hacheki. Hapo tabasamu hupungua, na mahali pake hukaa hukumu: huyu ana moyo mkavu, au ni katika watu wale wasiojua huruma. Hukumu hiyo haitamkwi, na kwa kuwa haitamkwi haina pa kukatiwa rufaa. Jioni, nyumbani, mama huyo naye atatoa ya kwake kuhusu watu wanaolala kitanda kimoja na mnyama na kumwacha awalambe midomo.

Pengine sehemu kubwa ya ugomvi huu inatokana na uchache wa maneno. Kiingereza hutosheka na neno moja la kutopenda, na ndani yake hutiwa mambo ambayo Kiswahili hukataa kuyachanganya. Kuna kuogopa, kuna kuona kinyaa, kuna kujitenga, na kuna kuchukia. Anayeogopa mbwa hana shauri naye. Mwili wake umekwisha kuamua kabla yake. Anayeona kinyaa hamtakii mbwa mabaya, kama asivyolitakia mabaya pipa la taka, ila hataki kuguswa. Anayejitenga huenda hana hofu wala kinyaa. Ana desturi, au ana udhu wake. Anayechukia ndiye peke yake anayemtaka mbwa aumie. Mtu wa nne huyu ana jambo la kujibu. Wale watatu wa kwanza huingizwa katika kesi yake kwa sababu tu wote wanne, wakikutana na mbwa njiani, hupiga hatua moja nyuma.

Hata hivyo, si haki kuitupilia mbali imani ya wapenda mbwa upesi hivyo, maana nyuma yao yupo mtu mzito. Aristotle, katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako, anafundisha kwamba raha na maumivu yanayofuatana na matendo ni dalili ya tabia. Anayejizuia na kufurahia kujizuia ndiye mwenye kiasi. Anayejizuia huku akiungulika bado hajafika. Kwa mizani hiyo, kupenda na kutopenda ni sehemu ya utu wenyewe, na hakulingani na kuchagua kati ya chai na kahawa. Mtu akicheka anapoona kipofu anajikwaa, hakuna haja ya kungoja atende kitu ndipo ajulikane. Basi mbwa, kiumbe anayekuja kwa mtu bila kuuliza kabila wala mshahara wake, akiamsha ndani ya mtu huyo ubaridi mtupu, kwa nini ubaridi huo usihesabiwe?

Hoja ni nzuri, na ingetosha kama mbwa angekuwa kitu kimoja machoni pa watu wote. Anayecheka kipofu akijikwaa anajua anachokiona. Lakini anayerudi nyuma mbele ya mbwa, amemwona nani? Plato aliwahi kumsifu mbwa kuwa mwanafalsafa kwa tabia yake, kwa sababu humkasirikia asiyemjua ingawa hakumtenda lolote baya, na humchangamkia anayemjua ingawa hakumpa lolote jema; hupima kwa ujuzi na kutojua. Sifa hiyo imo katika kitabu cha pili cha Jamhuri, na wasomaji wengi huipita kwa tabasamu. Mhamiaji hawezi kuipita hivyo. Mnyama anayesifiwa kwa kumbwekea mgeni ambaye hakumkosea mtu ni mnyama anayejulikana vizuri sana na mgeni.

Mwaka 1803 jenerali Mfaransa Rochambeau aliagiza mbwa kutoka Cuba ili wawatafune Waafrika wa Saint-Domingue waliokataa kurudi utumwani. Kusini mwa Marekani mbwa walifundishwa kunusa nyayo za mtumwa aliyetoroka. Mwezi Mei 1963, katika mji wa Birmingham, Alabama, polisi waliwaachia mbwa vijana weusi waliokuwa wakiandamana, na picha zake zikaenea dunia nzima. Mwaka 2015 Idara ya Sheria ya Marekani ilipochunguza polisi wa Ferguson, Missouri, iliona kwamba katika kila tukio la kuumwa na mbwa wa polisi ambalo rangi ya aliyeumwa iliandikwa, aliyeumwa alikuwa mtu mweusi. Kila tukio. Mbwa hawa hawakuzaliwa na ubaguzi; walifundishwa. Lakini mtoto aliyekulia katika mtaa wao hakutambulishwa kwa mbwa mwingine.

Afrika Mashariki ilikuwa na darasa lake. Kwenye mageti ya Nairobi kibao kimeandikwa kwa miongo mingi «Mbwa Kali», kwa Kiswahili cha walowezi kilichoona hata kumpa mbwa kiambishi chake cha «m» ni kazi bure. Kibao kile kiliandikwa kwa lugha ya mpita njia maskini, ili asome yeye. Katika riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o ya mwaka 1967, A Grain of Wheat, Karanja anaokota jiwe ili kujikinga na mbwa wa mama wa Kizungu, na anayekaripiwa ni Karanja. Hapo hakuna swali la nani anapenda wanyama na nani hawapendi. Kuna lango, kuna aliye ndani, kuna aliye nje, na mbwa ndiye meno ya lango.

Na kabla ya lango lolote kulikuwa na ugonjwa. Kiswahili hakina jina la kawaida la maradhi hayo ila kichaa cha mbwa, na jina halikukosea: Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hadi asilimia 99 ya watu wanaoambukizwa huambukizwa na mbwa, kwamba wanaokufa hukadiriwa kuwa 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na kwamba dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Watoto ndio huumwa zaidi. Bibi wa kijijini anayemwita mjukuu wake ndani kila mbwa asiye na mwenyewe anapopita hana kasoro ya moyo. Ana kumbukumbu.

Hapa ndipo wengi huileta dini, na kwa kawaida huileta vibaya, wakidhani kwamba Uislamu umemlaani mbwa na kwamba watu wa pwani wameitikia tu. Madhehebu ya Shafii, yaliyotawala pwani, yanamhesabu mbwa kuwa najisi nzito: chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Imamu Malik aliona vingine. Kwake mnyama aliye hai ni tohara, mbwa naye akiwamo. Kama mafundisho ya pwani yangetoka Fez badala ya Hadhramaut, huenda mama wa lifti angekuwa na jambo jingine la kufikiri. Tena unajisi ni hukumu ya udhu. Damu ya mtu ni najisi katika madhehebu hayohayo, na hakuna aliyesema kwamba mtu anayetokwa na damu achukiwe. Mbwa wa Watu wa Pangoni anatajwa ndani ya Kurani akiwa amenyoosha miguu yake kizingitini, akilala usingizi mmoja na waja wema. Mbwa wa kuwindia, wa mifugo na wa shamba wameruhusiwa waziwazi, na wasasi wa Unguja, Waislamu wana wa Waislamu, wamekwenda msituni na mbwa wao vizazi kwa vizazi. Huko Bara Arabu Mabedui walimtenga saluki hata wakakataa kumwita mbwa. Na Baghdad, mwanzoni mwa karne ya 10, Ibn al-Marzuban aliandika kitabu kizima juu ya ubora wa mbwa kuliko wengi wa wale wavaao nguo.

Kinachoonekana ni kwamba desturi ilichukua hukumu ya udhu na kuigeuza kuwa hukumu ya thamani. Kiswahili chenyewe ni shahidi. «Mbwa» ni tusi. «Kijibwa» ni mtumwa wa siasa za wakubwa. «Mbwa koko» ni mtu asiye na kwao. Ni vigumu kukumbuka methali inayomtazama mbwa kwa jicho jema, ingawa moja ipo: mbwa hafi maji akiona ufuko. Humo mbwa ni mwenye tumaini, anapiga makasia kwa miguu yake minne kuelekea nchi kavu, na kila msikilizaji hujiona ndani yake.

Jambo dogo katika fasihi linaonyesha jinsi desturi hiyo ilivyokuwa na nguvu. Anayezijua hadithi za Alfu Lela Ulela ataitambua mifupa ya Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1952: mtawala mwema ana ndugu wawili waliomfanyia uovu, jini amewageuza wanyama, naye amelazimishwa kuwapiga mijeledi kila usiku, la sivyo na yeye atageuzwa. Katika hadithi ya Kiarabu, ya Abdallah bin Fadhil wa Basra, ndugu hao ni mbwa. Kwa Shaaban Robert ni manyani. Sababu yake hakuiandika, na kila msomaji ana ruhusa ya kukisia. Kisio lenye nguvu ni kwamba msomaji wa pwani, akimwona Adili akiwakumbatia mbwa na kulia nao baada ya kuwapiga, angeshughulika na najisi na kuyasahau machozi. Mwandishi alihitaji huruma ipite, akaona kwa mbwa njia imezibwa. Kwa mujibu wa swali hili, kuna fundisho jingine ndani ya kisa hichohicho: mjumbe wa mfalme anayemchungulia Adili usiku anaona mtu anayetesa wanyama, na kwa alichokiona angekuwa na haki ya kumhukumu. Anakosea, kwa kuwa ameona mkono na hajaona kilichoufunga.

Abdulrazak Gurnah hakuiziba njia. Aliipita hadi mwisho. Katika Paradise ya mwaka 1994, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanayo sasa kama Peponi kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2022, Yusuf anawaogopa mbwa wanaozurura usiku tangu utotoni, wanaingia hadi ndotoni mwake. Mwisho wa riwaya, askari wa Kijerumani wakishaondoka, anawakuta mbwa wakila uchafu walioacha watu, wakimtazama kama mwenzao. Kinyaa kile kikubwa, kilichokuwa cha mbwa kurasa zote, kinarudi kwake mwenyewe na kumwonyesha alivyoishi: kwa kula alichotupiwa. Ukurasa ule unasema juu ya kinyaa kwa mbwa jambo ambalo wanafalsafa hawakulisema, kwamba mara nyingine anayekataliwa katika mbwa ni mtu, naye huyo mtu yu karibu sana.

Lakini ushahidi mkubwa kuliko yote katika kesi hii ni kisa ambacho kila mtoto wa chuoni amekisikia. Mwanamke kahaba alimwona mbwa kisimani, ulimi nje, akikaribia kufa kwa kiu. Alivua kiatu chake, akakifunga kwa mtandio, akamtekea maji, na kwa hilo Mungu akamsamehe. Katika mapokezi mengine ni mwanamume aliyeshuka kisimani, akakunywa, na alipotoka akaona kwamba kiu iliyompata mbwa ni ileile iliyokuwa imempata yeye. Waalimu husimulia kisa hiki ili kufundisha huruma kwa wanyama, nacho kinafaa. Kinachopitwa ni kile ambacho hakimo. Hakuna mahali panaposemwa kwamba mwanamke yule alipenda mbwa. Hakumpa jina, hakumpeleka nyumbani. Huenda, akiwa mtu wa zama na mji wake, aliona kinyaa palepale alipokuwa akiinama. Lililohesabiwa ni kwamba aliona kiu, akaijua, na hakungoja moyo wake umpende mwenye kiu ndipo amnyweshe.

Aristotle angenung'unika hapa. Angesema kwamba mkamilifu ni yule ambaye angemnywesha kwa furaha. Labda. Lakini kipimo cha furaha kina hatari yake, nayo inaonekana kwa wale waliokuwa na furaha hiyo kwa wingi. Arthur Schopenhauer aliishi na mbwa wake wa aina ya pudeli aliyemwita Atma, roho ya ulimwengu, akamwachia riziki katika wosia; mwanafalsafa huyohuyo alimsukuma mshonaji mmoja mlangoni kwake mjini Berlin kwa sababu ya kelele, akaamriwa na mahakama kumlipa hadi alipokufa, miaka kama 20 baadaye, na kifo chake kilimfurahisha. Huyo ni mzee mwenye hasira tu. Utawala wa Wanazi ulitunga sheria ya kulinda wanyama tarehe 24 Novemba 1933, katika mwaka wake wa kwanza, na sheria hiyo ilikuwa kati ya zilizoendelea zaidi duniani. Mwaka 1942 utawala huo ukawakataza Wayahudi kufuga wanyama wa nyumbani. Victor Klemperer wa Dresden ameandika katika shajara yake jinsi yeye na mkewe walivyolazimika kumpeleka paka wao akauawe. Waliotunga sheria hizo mbili hawakuona kwamba zinagombana.

Emmanuel Levinas alikuwa mateka katika kambi moja ya Ujerumani miaka hiyo, pamoja na wafungwa wenzake Wayahudi. Mwaka 1975 aliandika insha fupi juu ya mbwa koko aliyejitokeza kambini, ambaye wafungwa walimwita Bobby. Watu wa mji, watoto wakiwamo, waliwapita wafungwa bila kuona watu. Bobby aliwapokea kila jioni kwa kurukaruka na kubweka kwa furaha. Kwake yeye hakukuwa na shaka kwamba walikuwa wanadamu. Baada ya wiki chache walinzi wakamfukuza. Levinas alimwita Mkant wa mwisho katika Ujerumani ya Wanazi, kisha, kwa uaminifu unaouma, akaongeza kwamba Bobby hakuwa na akili ya kuifanya tabia yake kuwa kanuni. Haijulikani kama Levinas alipenda mbwa. Insha haihitaji kujua.

Kant mwenyewe alifundisha kwamba mtu hana wajibu wa moja kwa moja kwa mnyama, ila anayemtesa mbwa hujifundisha ugumu utakaowafikia watu, na akawatajia wanafunzi wake michoro ya Hogarth ya mwaka 1751 ambamo ukatili huanza kwa watoto kumtesa mbwa na kuishia kwenye kitanzi. Msingi wa hoja ni mwembamba, kana kwamba mbwa ni ubao wa kujifunzia tu. Lakini sehemu yake moja inawagusa Waswahili, na hakuna sababu ya kuikwepa. Watoto wa miji ya pwani hupiga mbwa mawe, na watu wazima hupita. Yule anayerusha jiwe hakumbuki Birmingham wala kichaa cha mbwa; amerithi ruhusa. Historia ya mageti na kanuni za udhu zinaeleza kwa nini mtu arudi nyuma. Haziuelezi mkono unaoinuka.

Ndiyo maana mahali pa kulitazama swali hili siku hizi si bustanini bali ndani ya teksi. Uingereza, Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inamtaka dereva wa teksi ampakie asiyeona pamoja na mbwa wake wa kumwongoza, bila nyongeza ya nauli. Asamehewaye ni mwenye cheti cha ugonjwa, na kinyaa si ugonjwa. Kesi zimefika mahakamani, na baadhi ya madereva walijitetea kwa dini. Kwa dereva wa Kisomali au wa Unguja jambo si dogo: ana Ishaa mbele yake, nguo ni hizohizo, na tangu utotoni mwili wake umefundishwa kukataa. Kumwambia ampende mbwa huyo ni kumwomba asichoweza kukitoa, na tena hakuna anayekihitaji. Asiyeona amesimama kando ya njia, mvua inanyesha, na ameshasikia gari mbili zikipunguza mwendo na kuondoka.

Fikihi ya Shafii, ile inayodhaniwa kuwa ndiyo kizuizi, inasema kwamba najisi kavu haiambukizi kitu kikavu. Dereva anaweza kutandika mkeka sakafuni, mbele ya kiti cha nyuma. Ikiwa mbwa ameloa, mkeka utaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na maji yapo.